Kutoka Kikaratasi cha 1919 hadi Chumba Ndani ya Simu: Historia ya Taswira ya Mtoto katika Kampeni za Hisani

Kampeni za hisani kwa ajili ya watoto, yaani juhudi za kuamsha huruma ya umma na kuchangisha fedha za kuwasaidia watoto walio katika dhiki, zimekabiliwa tangu mwanzo na tatizo moja: mtoto anayeteseka yuko mbali, na mwenye uwezo wa kumsaidia hamwoni. Kila kizazi kimetumia chombo cha wakati wake kuupunguza umbali huo, na programu za simu zinazotumia uhalisia ulioboreshwa ni hatua ya karibuni katika safari iliyoanza kwa karatasi.

Mwaka 1919, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imekwisha kupiganwa lakini vizuizi vya kuingiza chakula Ujerumani na Austria vikiwa bado havijaondolewa, Eglantyne Jebb alikamatwa katika uwanja wa Trafalgar, London, kwa kugawa vikaratasi ambavyo havikuwa vimepitishwa na wakaguzi wa serikali, vikiwa na picha ya mtoto wa Austria aliyekondeana kwa njaa. Alitozwa faini ya pauni 5. Hata hivyo, mwezi Mei mwaka huohuo yeye na dada yake, Dorothy Buxton, walizindua mfuko wa Save the Children, na mwaka 1924 Shirikisho la Mataifa likapitisha Azimio la Haki za Mtoto ambalo Jebb ndiye aliyeliandika.

Televisheni iliiongezea picha nguvu kubwa zaidi. Oktoba 1984, picha za njaa ya Korem nchini Ethiopia, zilizopigwa na Mohamed Amin wa Nairobi na kusimuliwa na Michael Buerk wa BBC, zilienea duniani na kuchochea michango iliyofikia kilele katika tamasha la Live Aid la Julai 1985. Michango hiyo ilifuatwa na swali zito la kimaadili, kwa kuwa mtoto aliyeonyeshwa akiwa hoi, pengine bila nguo na bila jina, alisaidiwa huku akivuliwa heshima yake mbele ya mamilioni ya watu. Mwaka 1989 mashirika yasiyo ya kiserikali ya Ulaya yalijiwekea mwongozo wa maadili kuhusu picha na ujumbe wao, na mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ukapitisha Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao ndani yake faragha ya mtoto inalindwa kama haki.

Hatua ya karibuni, uhalisia ulioboreshwa, ni teknolojia inayopachika maumbo ya kompyuta juu ya mandhari halisi ambayo mtu anayaona, tofauti na uhalisia pepe, ambao humzungushia mtazamaji ulimwengu wa kubuni pande zote. Chimbuko lake liko mbali kabisa na hisani: mwaka 1968 Ivan Sutherland, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alionyesha kifaa cha kuvaliwa kichwani kilichoning'inizwa darini, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tom Caudell wa kampuni ya Boeing aliipa teknolojia hiyo jina alipokuwa akitafuta njia ya kuwaongoza mafundi wa nyaya za ndege. Mwaka 1999 Hirokazu Kato wa Japani alitoa zana zilizoiwezesha kamera kutambua alama za mraba zilizochapwa karatasini, kisha mwaka 2017 Apple na Google zikatoa zana zinazounganisha kamera na vihisi vya mwendo, hivyo simu ya mkononi ikaweza kuitambua sakafu bila alama yoyote. Kuanzia hapo shirika la misaada halikulazimika kugawa vifaa, kwa sababu mchangiaji alikuwa na kifaa tayari kiganjani.

Mfano ulio bayana ni Enter the Room, programu iliyotolewa mwaka 2018 na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Mtumiaji huielekeza simu sakafuni, mlango hutokea mbele yake, naye akiuvuka hujikuta katika chumba cha kulala cha mtoto anayeishi mjini, ambacho hubadilika mwaka hadi mwaka kadiri vita inavyokisogelea. Kitovu cha masimulizi ni chumba na vitu vyake, kwa hiyo mtazamaji hupewa nafasi ya kusimama pale aliposimama mtoto badala ya kukodolea macho mwili wake. Upungufu uliobaki ni kwamba programu za aina hii zilihitaji simu mpya na za gharama, jambo lililoziweka mbali na jamii nyingi zinazosimuliwa ndani yake.

Zaidi ya karne moja iliyopita picha ya mtoto mwenye njaa ilikuwa silaha ya haki dhidi ya serikali iliyotaka ukimya, na hapana budi kuiheshimu kwa hilo. Hata hivyo, historia iliyofuata imewaachia waundaji wa programu za leo kipimo kilicho kikubwa kuliko fedha zinazokusanywa: mtoto aliyesimuliwa, atakapokua na kuitazama kazi hiyo, ajitambue ndani yake bila kuona aibu.