Pangani, na Wale wa Ng'ambo ya Mto

Ndugu Mhariri ameniomba niandike habari za mji wangu wa Pangani kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu wa wanafunzi wa zamani. Nimekubali kwa moyo mkunjufu, lakini nakiri kwamba kalamu ilinikalia nzito mkononi. Habari za Pangani niliwahi kuzieleza mbele yenu zamani, na sikuzieleza zote.

Wale tuliokuwa Kidato cha Pili pamoja mwaka 1976 watakumbuka mdahalo ule uliofanyika katika ukumbi wa chakula. Mada ilikuwa: ni mji gani wa pwani ulioipatia nchi yetu heshima kubwa zaidi? Wenzetu wa Bagamoyo walisema yao, na wa Kilwa wakasema yao. Nami nikasimama kuutetea mji wangu mdogo, ulioko kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Tanga, pale mto Pangani unapoingia baharini.

Niliwaeleza habari za Abushiri bin Salim al-Harthi, na niliyoyasema yalikuwa kweli. Mwezi wa Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Unguja aliikodisha pwani ya bara kwa Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki. Agosti mwaka huohuo mwakilishi wa kampuni hiyo mjini Pangani, Emil von Zelewski, alitweka bendera yao na kumdharau liwali wa Sultani mbele ya watu. Septemba mji ukawaka moto. Wenyeji, wapagazi na watu wa mashambani walisimama kumkataa, na Abushiri, mwenye shamba la miwa kando ya mto, akawa kiongozi wao. Vita vikaenea pwani nzima. Serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann pamoja na askari wa kukodiwa kutoka Misri na Msumbiji. Pangani ilitekwa Julai 1889. Abushiri alishikwa, akaletwa mjini, na tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa. Zelewski naye hakudumu: Wahehe walimwua Lugalo mwezi wa Agosti 1891.

Nilimaliza kwa methali, "Mwacha asili ni mtumwa," nikapigiwa makofi mengi. Bagamoyo na Kilwa zikashindwa.

Alikuwapo mwenzetu mmoja ambaye hakupiga makofi. Kwao ni Bweni, kijiji cha ng'ambo ya mto kuelekea mjini kwetu, na sote tulikuwa tukimtania kuwa yeye analala bweni shuleni na Bweni likizo. Usiku ule aligeukia ukutani akalala bila ya kusema neno. Nilidhani ananionea wivu.

Ilipita miaka zaidi ya 20 kabla sijapata maelezo. Tulikutana kwenye pantoni ya kuvukia mto, yeye akirudi kwao na mimi nikienda mazikoni. Tulipokwisha kujuliana hali, aliniuliza, "Ndugu yangu, unaikumbuka hotuba yako? Ulisema Abushiri alikuwa na shamba la miwa. Mbona hukusema ni nani aliyeikata miwa?"

Nikanyamaza. Akaendelea: "Mama yake bibi yangu aliletwa kutoka bara akiwa msichana mdogo. Kwao hakupajua tena, wala jina alilopewa na wazazi wake hatulijui. Nyumbani tulifundishwa kujibu 'sisi watu wa bara' na kuishia hapo. Wewe ukasimama mbele ya shule nzima ukasema mwacha asili ni mtumwa. Na aliyenyang'anywa asili, yeye tumwiteje?"

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma na kuuliza, na haya ndiyo niliyopaswa kuyasema mwaka 1976.

Katika miaka ya 1870 na 1880 utajiri wa Pangani ulitoka sehemu mbili. Kwanza ni misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Kilimanjaro na nchi ya Wamasai na kushukia kwetu. Pili ni miwa. Kingo za mto zilijaa mashamba na vinu, na sukari na asali ya miwa zikasafirishwa kwa majahazi. Kazi ya miwa haina huruma. Miwa ikiiva hukatwa, ikikatwa hukamuliwa upesi, na maji yake huchemshwa bila ya kungoja. Wenye mashamba waliifanyiza kazi hiyo kwa watumwa, na mkataba wa mwaka 1873 uliopiga marufuku biashara ya watumwa baharini haukumfungulia hata mmoja aliyekuwa tayari shambani.

Lakini mwaka huohuo wa 1873 watumwa wa mashamba ya Pangani waliasi. Waliyatoroka mashamba, wakavuka kwenda upande wa kusini wa mto na kujijengea makazi yao mahali paitwapo Kikogwe. Hayo yalitokea miaka 15 kabla ya vita vya Abushiri. Nilizaliwa ng'ambo tu ya mahali hapo, nikasoma historia miaka minne ya sekondari, na habari hiyo sikuijua.

Jina la Kikogwe nililijua kwa sababu nyingine. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilipofika ilikuwa hai 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe. Katika miche hiyo 62 ndimo ulimochipuka mkonge ulioipatia Tanganyika fedha nyingi kuliko zao lolote kwa miaka mingi. Basi ardhi ileile waliyoikimbilia watu kuikwepa kazi ya shamba la bwana ikawa chanzo cha mashamba makubwa kupita yote, na manamba wakaletwa kutoka mbali kuja kuyafanyia kazi. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922.

Watu husema Pangani ilikufa siku aliponyongwa Abushiri. Mimi nadhani iliyoumaliza mji ni reli. Mwaka uleule wa 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga. Ilifika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Mizigo ya bara ikapanda gari la moshi, ikatupita. Kwetu zikabaki nyumba za mawe, minazi, uvuvi, na ufukwe ambao wageni huja kuusifu.

Ndugu zangu, sikusudii kumshusha Abushiri. Alipigana na wavamizi na akalipa kwa roho yake. Heshima hiyo ni yake. Ninachosema ni kwamba waliokata miwa yake nao walikuwa watu wa Pangani, na uasi wao ulitangulia wa kwake. Hotuba yangu ilikuwa nusu, nami naiomba radhi nusu iliyobaki.

Mwenzetu wa Bweni ameisoma makala hii kabla sijaipeleka kwa Mhariri. Ameniruhusu kuyaandika haya, ila jina lake nisilitaje, kwa kuwa wako nyumbani kwao ambao bado hawajaambiwa. Ombi langu kwenu ni moja. Kila mmoja wetu anayo shangazi au babu wa ukoo aliyebaki. Kabla ya mkutano wetu, nendeni mkawaulize kwa adabu, mkaandike katika daftari, mje nalo. Atakayeambiwa "sisi watu wa bara" asiharakishe kufunga daftari.