Hatua Moja ya Kitunda: Historia ya Ufunguzi Mwepesi kwa Kete Nyeusi

Neno sataranji, ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, linarejesha fikra kwenye zama ambazo hatua za mwanzo za mchezo hazikumtisha mtu. Katika sataranji ya Baghdad, iliyoandikiwa vitabu na al-Adli katika karne ya 9 na baadaye as-Suli, kete zilikwenda polepole: waziri, aliyesimama mahali ambapo leo pana malkia, alisogea mraba mmoja tu kwa mshazari, na kila kitunda, yaani kete ndogo ya mstari wa mbele, kilipiga hatua moja kwa zamu. Kwa sababu hiyo kila upande ulipata nafasi ya kulipanga jeshi lake kabla ya mapambano, na mpangilio huo uliitwa taabia, neno ambalo, ingawa linafanana na “tabia” ya Kiswahili, limetoka katika mzizi mwingine wa Kiarabu wenye maana ya kupanga askari. Mchezaji aliyeijua mipangilio michache alikuwa na akiba ya kumtosha.

Utulivu huo ulivunjika mwishoni mwa karne ya 15 huko Ulaya, malkia alipopewa uwezo wa kuvuka ubao mzima kwa zamu moja. Tangu hapo faida ya kuanza, ambayo ni haki ya kete nyeupe, ikawa na makali, na mwenye kete nyeusi akalazimika kuwa na jibu tayari tangu hatua ya kwanza. Kwa muda mrefu jibu lililohesabiwa kuwa la heshima lilikuwa kusukuma kitunda cha mbele ya mfalme miraba miwili, kukutana uso kwa uso na kile cha mpinzani, kisha kupokea kila kafara, yaani kete iliyotolewa kwa makusudi. Kuikataa kafara kulionekana kuwa woga. Desturi hiyo ilipendeza watazamaji, lakini ilimtaka mwenye kete nyeusi akariri mashambulizi ambayo mpinzani ndiye aliyeyachagua.

Njia nyingine ilipata jina katika pambano la barua kati ya London na Paris lililoanza mwaka 1834, ambalo Paris ilishinda michezo yote miwili. Ili kuifuata, ikumbukwe kwamba safu za wima hutajwa kwa herufi a hadi h na mistari ya mlalo kwa tarakimu 1 hadi 8, ambapo 1 ni mstari wa nyuma wa kete nyeupe. Nyeupe iliposukuma kitunda hadi e4, Paris ilijibu kwa hatua fupi ya e6, ikikusudia kufuatisha d5, na mpango huo ukaitwa Kinga ya Kifaransa. Ni ukuta imara, lakini una kasoro moja iliyowasumbua wachezaji wengi: askofu wa c8, kete iendayo mshazari, hubaki amefungiwa nyuma ya kitunda chake mwenyewe.

Kasoro hiyo ndiyo iliyotibiwa na watu wawili ambao hawakuwahi kuwa mabingwa wa dunia. Marcus Kann wa Vienna alimshinda Jacques Mieses mjini Hamburg mwaka 1885 kwa hatua 24 tu, akitumia c6 badala ya e6, na mwaka uliofuata Horatio Caro, Mwingereza aliyeishi Berlin, alichapisha uchambuzi wa hatua hiyohiyo; kinga hiyo ikaitwa Caro-Kann. Kitunda cha c6 nacho huitegemeza d5, ila mshazari wa askofu hubaki wazi. Gharama yake ipo, kwani mraba huo ndio ambao farasi wa b8 angeutaka, naye hulazimika kupitia d7. Lakini kwa mtu anayejifunza, gharama hiyo ni nafuu kuliko askofu aliyefungwa.

Thamani ya c6 iliongezeka ilipothibitika kuwa inafaa pia dhidi ya d4. Katika Kinga ya Kislavi, nyeusi hujibu d5 na, nyeupe ikiendelea na c4, huweka kitunda c6. Max Euwe, mwalimu wa hisabati wa Uholanzi, na Alexander Alekhine waliitumia mara kadhaa katika pambano la mwaka 1935 ambalo Euwe alitwaa ubingwa. Hivyo umbo moja la vitunda likapatikana kwa majibu mawili, na mzigo wa kukariri ukapungua sana.

Hata mabingwa waliukimbilia wepesi huo. Mikhail Botvinnik, akitafuta kumnyang’anya Vasily Smyslov taji mwaka 1958, alianza na Caro-Kann kwa kete nyeusi na kushinda michezo mitatu ya kwanza ya pambano. Kinyume chake, tarehe 11 Mei 1997 mjini New York, Garry Kasparov, aliyejulikana zaidi kwa Kinga ya Kisisili, aliichagua Caro-Kann dhidi ya kompyuta ya Deep Blue katika mchezo wa sita na wa mwisho. Farasi wake alipitia d7, akamzibia kwa muda askofu yuleyule ambaye kinga hii ilibuniwa kumwachia njia, kisha Kasparov akasukuma kitunda hadi h6 kabla ya kumtoa askofu mwingine kwenda d6, ilhali utaratibu uliozoeleka ulikuwa kumtoa askofu kwanza. Deep Blue ilimtoa farasi wake kafara kwenye e6, na baada ya hatua 19 Kasparov akakubali kushindwa.