Forodhani: Watoto wa Bahari Mbele ya Kamera

Jioni maji yakijaa, vijana wa Mji Mkongwe, Unguja, hukimbia juu ya ukuta wa Forodhani na kujirusha baharini, wengine wakipinduka hewani kabla ya kuzama. Siku hizi mtu yeyote mwenye simu huwanasa wakiwa angani. Enzi za mwanzo za kamera, jambo hilo halikuwezekana.

Mwaka 1860, mpelelezi James Augustus Grant alipiga picha Unguja kabla ya kwenda bara pamoja na mpelelezi mwenzake, Speke. Zama hizo bamba la kioo lilipakwa dawa, likachovywa katika maji ya nitrati ya fedha, kisha picha ikapigwa na kusafishwa kabla bamba halijakauka. Kamera iliachwa wazi kwa sekunde kadhaa. Mtoto hatulii, na bahari haitulii. Vyote viwili viliishia kuwa ukungu. Majengo ndiyo yaliyotoka vizuri.

Bamba kavu lilipoenea miaka ya 1880, mambo yalibadilika: kamera haikuhitaji tena kuachwa wazi kwa muda mrefu. Huko Whitby, Uingereza, mwaka 1886 Frank Meadow Sutcliffe aliwapiga picha wavulana wakicheza uchi majini kando ya mashua. Mwaka 1892 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Linked Ring, chama cha waliodai kuwa picha ya kamera ni sanaa sawa na uchoraji.

Unguja nayo ilikuwa na mafundi wake wa picha, Wagoa: A. C. Gomes, aliyefungua studio mwishoni mwa miaka ya 1860, na ndugu wa Coutinho, waliofuata miaka ya 1890. Miongoni mwa wateja wao walikuwa wageni wa meli, walionunua picha za jumba la Beit al-Ajaib, majahazi na watu wa pwani. Maandishi ya kadi za posta za wakati huo kwa kawaida yalitaja kabila au kazi ya mtu, jina lake likaachwa. Mtoto akawa pambo la mandhari.

Mpiga picha Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio hapo Unguja mwaka 1930, wenyeji nao walikuwa wateja. Mzazi aliyempeleka mwanawe studio alijua anayepigwa picha ni nani, na kwa nini.

Ujuzi huo unapotea kila mzee anapofariki. Mwenye albamu ya zamani akae na wazee wake sasa, aandike nyuma ya kila picha jina la mtoto, mwaka na ufukwe. Sanaa iliwapa watoto hawa sura. Majina ni deni letu.