Diski Shingoni

Dadangu mkubwa ni nesi. Akitoka shifti anashuka stage ya 56, anapita kwa mama mboga, kisha anaingia kwa nyumba yetu ya chumba kimoja na kuvaa hedifoni. Nje spika ya kinyozi inanguruma na majirani wanabishana kwa Kiluhya. Ndani yeye anasikiliza Mwingereza akieleza njia ya kufika maktaba. Anajiandaa kwa IELTS, mtihani wa Kiingereza, ndio asajiliwe kazi Uingereza. Baraza la wauguzi la huko linataka alama 7 katika kusikiliza, kusoma na kuongea, na 6.5 katika kuandika. Matokeo yanadumu miaka 2 tu.

Mtihani huu una babu yake. Mwaka 1913 Cambridge ilianzisha mtihani wa Kiingereza kwa wageni. Waliojitokeza walikuwa watu 3. Waliandika kwa saa 12: tafsiri, insha, fonetiki. Wote 3 wakaanguka. IELTS ikaja baadaye sana, 1989.

Nilimsimulia dadangu hiyo stori, akacheka. "Angalau hao hawakuchapwa," akasema.

Sisi tulichapwa. Shule yetu ya msingi ilikuwa na diski, kipande cha mbao chenye kamba. Ukinaswa ukiongea Kiluhya, unavishwa shingoni. Unaivaa hadi umnase mwenzako, unampasia. Jioni, wote walioivaa wanapanga laini.

Diski haikuanza na sisi. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind (1986), anakumbuka shule za Limuru baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952: mtoto aliyepatikana akiongea Kikuyu alipigwa, au akavishwa kibao cha kumtukana. Uhuru haukubadilisha mengi. Tume ya Ominde, 1964, ilipendekeza Kiingereza kitumike kufundishia kuanzia darasa la kwanza. Katiba ya 2010 ikakifanya lugha rasmi pamoja na Kiswahili.

Halafu 2021 Kenya na Uingereza zikatia saini mkataba wa wauguzi. Oktoba mwaka huo, waziri wa afya Mutahi Kagwe alisema kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 tu ndio walipita. Watu walicheka sana. Kwani manesi hawajui Kiingereza? Wanajua. Kila siku wanajaza faili za wagonjwa kwa Kiingereza. Lakini kuandika dozi sawasawa ni kitu kimoja, na kuandika insha ya maneno 250 kwa dakika 40 ni kingine.

Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake, wakiomba viza, hawaulizwi kuthibitisha Kiingereza. Jamaica iko. Malta iko. Nchi ya Afrika haipo hata moja. Yaani tulichapwa tukijue, na sasa tunalipa kuonyesha kwamba tunakijua.

Dadangu anafanya Jumamosi. Usiku mimi ndiye mtahini. Jana nilimwambia aeleze mtaa wake kwa dakika 2. Akaanza poa: stage, soko, kanisa. Akafika kwa mboga za nyanya yetu, akakwama, neno likamtoka kwa Kiluhya. Mkono wake ukaenda shingoni.

"Endelea, sista," nikamwambia. "Bado sekunde 50."