Magari madogo ya plastiki: yanavyoundwa na kubadilishwa

Gari la kuunganisha ni gari dogo la plastiki linalouzwa likiwa vipande ndani ya boksi. Mnunuzi huvikata vipande, huvisafisha, huvipaka rangi na kuvibandika hadi vifanane na gari halisi. Mengi hayana mota. Likikamilika, huwekwa mahali pa kuonekana. Watu wazima wengi Japani, Ulaya na Marekani hutumia wiki au miezi kwa gari moja.

Yalikotoka

Kampuni ya AMT ilianzishwa Michigan, Marekani, mwaka 1948. Ilitengeneza magari madogo ambayo wauzaji wa magari waliyatumia kuvutia wateja. Mwaka 1958 ikatoa boksi lenye vipande vya ziada. Mtu aliweza kuunda gari kama lilivyotoka kiwandani, gari lililorembwa, au la mashindano. Kwa hiyo kubadilisha gari ni sehemu ya burudani hii tangu siku za mwanzo.

Japani, kampuni ya Tamiya ya mjini Shizuoka ilianza mwaka 1946 kama biashara ya mbao. Leo ni moja ya majina makubwa ya kazi hii, pamoja na Hasegawa ya mkoa huohuo.

Kipimo

Boksi nyingi za Japani huandikwa 1:24. Maana yake, sentimita 1 ya gari dogo ni sentimita 24 za gari halisi. Gari la mita 4.8 linakuwa na urefu wa sentimita 20. Mtu wa sentimita 168 anakuwa na sentimita 7.

Hesabu hii ndiyo siri ya kubadilisha gari vizuri. Ukitaka kuweka dumu la maji nyuma, pima dumu halisi kisha gawanya kwa 24. Dumu la sentimita 36 linakuwa sentimita 1.5 tu. Ukikadiria kwa macho, dumu litaonekana kama tangi, na gari zima litapoteza uhalisia hata kama rangi yake ni safi.

Hatua za kuunda

1. Osha vipande kwa maji na sabuni, kwa sababu hubaki na mafuta ya kiwandani yanayozuia rangi kushika. Viache vikauke.

2. Kata kipande kutoka kwenye fremu yake kwa koleo dogo au kisu kikali. Usikinyofoe kwa vidole. Sugua alama iliyobaki kwa msasa laini wenye maji.

3. Jaribu vipande bila gundi kwanza. Kasoro ikionekana sasa, ni rahisi kuirekebisha.

4. Paka rangi tabaka nyembamba kadhaa, ukisubiri kila moja ikauke. Tabaka moja nene huchuruzika na kufunika mistari ya milango.

5. Bandika. Gundi ya kazi hii huyeyusha kidogo nyuso mbili za plastiki, nazo zikashikana kama zimechomelewa. Weka kidogo sana. Kwa vioo tumia gundi nyeupe ya mbao, maana mvuke wa supa gluu huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu.

Kulibadilisha: mfano wa gari la Safari

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 yalishindwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller wakiwa na Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi. Hasegawa imetoa boksi la gari hilo kwa kipimo cha 1:24, kwa hiyo mtu aliyeko Osaka anaweza kuunda gari lililosifika kwenye barabara zetu za vumbi.

Vipande vya boksi hutoa gari safi. Vumbi ni kazi ya mjenzi: husaga chaki ya rangi ya udongo na kuipaka kwa brashi kavu nyuma ya magurudumu na chini ya milango, kule ambako vumbi hutua kweli. Antena hutengenezwa kwa mabaki ya fremu. Pasha kipande juu ya mshumaa bila kukigusisha moto. Kikilegea, kiondoe na ukivute taratibu pande mbili hadi kiwe uzi.

Wengine huchanganya vipande vya boksi mbili, hukata paa na kulishusha, au huweka injini ya gari jingine. Hapo puti huziba mapengo, kisha msasa hulainisha.

Ukitaka kuanza bila boksi

Watoto wetu huunda magari kwa madumu, waya na vizibo vya soda. Lakini plastiki hazifanani. Tazama alama ya pembetatu chini ya chombo. Namba 2, kama madumu mengi, haishiki gundi wala rangi kwa urahisi. Itoboe na uifunge kwa waya. Namba 6 ni polistireni, plastiki ileile inayotumika kwa magari ya boksi. Iliyo ngumu na tambarare hukatika vizuri kwa kisu na hukubali gundi na rangi. Mwenye rula, kisu, msasa na picha ya gari analolijua anaweza kuanzia hapo.

Usalama

Gundi na rangi hizi hutoa mvuke wenye madhara, na nyingi hushika moto haraka. Fanyia kazi nje au penye madirisha wazi, mbali na jiko, kibatari na mshumaa. Usifanye kazi hii chumbani ambamo mtoto amelala. Kufunga kitambaa mdomoni hakuzuii mvuke. Kusugua kwa msasa wenye maji hupunguza vumbi la plastiki usilivute puani. Kata ukielekeza kisu mbali na vidole, na funga gundi mahali ambapo watoto hawafiki.

Kwa gari la kwanza, chagua lenye vipande vichache na uliunde kama lilivyo. Mabadiliko yaanze na gari la pili, baada ya mkono kuizoea gundi.