Uso na Sauti: Picha za Wahusika katika Michezo ya Video ya Mtindo wa Zamani

1. Swali lenyewe

Mtu anayebuni leo mchezo wa video wa mtindo wa zamani hukabiliwa mapema na swali ambalo kwa nje laonekana dogo. Mchezo wa namna hiyo huiga ile ya miaka ya 1980 na 1990: wahusika wake ni visanamu vilivyoundwa kwa nukta za rangi, na maneno yao husomwa ndani ya kisanduku kwenye skrini. Je, mhusika anaponena, picha ya uso wake ionyeshwe kando ya maneno hayo, au mchezaji aachiwe kuuwaza uso huo mwenyewe? Wengi hujibu kwamba wabunifu wa kwanza hawakuweka picha kwa kuwa mashine zao hazikuweza. Na kwa vile kizuizi hicho kimeondoka, basi picha ziwekwe. Historia ya michezo ya masimulizi ya Japani, nchi ambako mtindo huu ulikomaa, haikubaliani kabisa na jibu hilo.

2. Ufinyu wa mashine

Ni kweli kwamba mwanzoni ufinyu ulitawala. Mashine ya Famicom, iliyotolewa na Nintendo mwaka 1983, iliunda kila picha kwa vigae vya nukta 8 kwa 8, na kila kigae kilichukua baiti 16 za kumbukumbu. Kisanamu cha nukta 16 kwa 16 kilihitaji vigae vinne, yaani baiti 64. Uso wa nukta 48 kwa 48 ungehitaji vigae 36, yaani baiti 576, mara tisa ya kisanamu hicho. Kaseti nzima ya mchezo wa Dragon Quest, wa mwaka 1986, ilikuwa na kilobaiti 64 tu, pamoja na ramani, muziki, maandishi na sheria za mchezo. Nyuso mia moja za ukubwa huo zingemeza karibu nafasi yote.

Kwa hiyo Yuji Horii na wenzake walilazimika kuchagua. Picha kubwa, zilizotokana na michoro ya Akira Toriyama, walipewa majoka na mazimwi yanayomkabili shujaa vitani. Wanadamu, wawe wafalme au wachuuzi, walibaki visanamu vidogo, na tofauti zao zilijulikana hasa kwa maneno yao. Shujaa mwenyewe alionekana vizuri katika kijitabu kilichochapishwa na kuuzwa pamoja na kaseti.

Hata hivyo, ufinyu haukuamua peke yake. Mnamo Desemba 1987 kampuni ya Sega ilitoa Phantasy Star, ambamo mchezaji akiingia nyumbani mwa mtu humwona mwenyeji kwa ukubwa mbele yake. Kaseti yake ilikuwa kubwa zaidi, kilobaiti 512. Lakini mwaka 1990, kwenye Famicom ileile, mchezo wa vita wa Fire Emblem, uliobuniwa na Shouzou Kaga, uliwapa wanajeshi wake nyuso. Sababu yake yaeleweka kutokana na sheria ya mchezo wenyewe: askari akifa, kwa kawaida harudi tena. Kwenye uwanja wa vita askari ni alama ndogo inayofanana na nyingine. Uso ndio unaomgeuza kuwa mtu wa kuombolezwa. Hapo picha haikuwa pambo. Ilibeba uzito wa kifo.

3. Mfano wa Final Fantasy VI

Ushahidi ulio wazi zaidi watoka katika mchezo mmoja uliotolewa kwa sura mbalimbali. Final Fantasy VI ilitolewa na kampuni ya Square mwaka 1994 kwa ajili ya Super Famicom, katika kaseti ya megabaiti 3. Wahusika wanaochezwa ni 14, na picha ya uso wa kila mmoja ilikuwamo katika kaseti, kwenye ukurasa wa kupanga silaha na nguvu. Nafasi basi ilikuwapo. Lakini katika mazungumzo picha hizo hazikutumiwa. Hisia zilikabidhiwa visanamu vya nukta 16 kwa 24, ambavyo Kazuko Shibuya alivichora akifuata michoro ya Yoshitaka Amano. Visanamu hivyo huinamisha kichwa, huinua mikono, hutikisa kidole, huwapa wengine mgongo. Mchezaji hutazama jukwaa zima, na huzuni ya mhusika huonekana katika umbali uliopo kati yake na wenzake.

Mwaka 2006 mchezo huo ulitolewa upya kwa Game Boy Advance, na nyuso zikaongezwa katika mazungumzo. Faida yake ni kwamba mnenaji hutambulika mara moja. Hasara yake ni kwamba uso uleule usiobadilika huandamana na kicheko na kilio, hata maneno na picha vikapingana. Toleo jipya la mwaka 2022 halikuziweka nyuso hizo katika mazungumzo, ijapokuwa kompyuta za leo zingeweza kuonyesha maelfu yake.

4. Lugha kama uso

Kwa wanafunzi wa lugha, kuna jambo jingine lisilopaswa kupita bila kuonwa. Kijapani kina maneno mengi ya kusema “mimi”, na kila moja hudokeza umri, jinsia, cheo au majivuno ya msemaji. Katika Final Fantasy VI, Kefka, mwovu wa kisa hicho, hujiita kwa namna ya kitoto inayotia hofu, na Cyan, bingwa wa upanga, husema kwa lugha ya kikabaila ya zamani. Lugha yenyewe ilikuwa imekwisha kuchora nyuso. Mfasiri wa Kiingereza, Ted Woolsey, alipokosa viwakilishi vya namna hiyo mwaka 1994, alimpa Cyan Kiingereza cha kale ili kuokoa sehemu ya uso huo.

Kiswahili nacho kina mizani yake. “Yeye” haionyeshi kama mtu ni mume au mke. Bila picha, mchezaji aweza kusoma mazungumzo marefu asijue. Lakini “shikamoo” na “marahaba” hutaja umri kabla ya jina, na anayemwita mwenzake “yaya”, “mama” au “mzee” amekwisha kuchora uhusiano wao.

5. Hitimisho

Swali la picha basi si la uwezo wa mashine. Ni la kazi: nani atabeba hisia, ni uso, ni mwili, au ni neno? Nalo lafaa kujibiwa kabla mazungumzo hayajaandikwa, kwa kuwa maneno yaandikwayo kwa uso si yale yaandikwayo bila uso. Tena, uso ni cheo. Katika Undertale ya mwaka 2015, wahusika wakuu wana nyuso za rangi nyeupe na nyeusi, na wapita njia wengi hawana. Mchezaji hujua bila kuambiwa ni nani wenye uzito katika kisa. Anayegawa nyuso hugawa pia huruma ya mchezaji. Asiyempa mtu yeyote uso ana deni la kumpa kila mtu sauti yake.