Gawio Si Embe: Hoja Dhidi ya Ushauri Uliozoeleka kwa Mwekezaji wa Muda Mrefu Tanzania

Watumishi wanaokaribia kustaafu hupewa ushauri mmoja ambao kwa kurudiwa umekuwa kama kanuni: weka kiinua mgongo katika mfuko unaotoa gawio, kula gawio, mtaji usiuguse. Ushauri huo hufafanuliwa kwa mfano wa mwembe. Embe huchumwa na mti hubaki. Mfano ni mzuri na unaeleweka upesi, ila si sahihi. Makala haya yanadai kwamba kwa mtu anayewekeza kwa miaka 15 au 20, mfano wa mwembe unaficha hasara, na kwamba tofauti kati ya mfuko wa gawio na mfuko wa ukuaji, kama inavyofundishwa kwetu, imeazimwa kutoka soko lisilofanana na letu.

Juu ya nadharia ya msingi hakuna ubishi mkubwa. Wanauchumi Merton Miller na Franco Modigliani walionyesha mwaka 1961 kwamba katika soko lisilo na kodi wala gharama za kununua na kuuza, gawio halimwongezei mwenye hisa utajiri: kinachoingia mfukoni kimetoka katika thamani ya hisa yenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa kipande cha mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Mfuko ukigawa shilingi 10 kwa kila kipande, thamani halisi ya kipande hicho hupungua kwa shilingi 10. Mwembe hausinyai embe linapochumwa, kipande husinyaa. Samuel Hartzmark na David Solomon, katika utafiti wao wa mwaka 2019 uliotumia takwimu za Marekani, waliona kwamba wawekezaji wengi huhesabu gawio na mabadiliko ya bei katika vitabu viwili tofauti, kana kwamba kimoja hakigusi kingine. Mfano wa mwembe unawafundisha wastaafu wetu kosa hilohilo.

Ubishi unaanzia kwa mwanauchumi Myron Gordon, aliyeshikilia kwamba fedha ya leo ina uhakika kuliko faida ya kesho. Waswahili tungesema fimbo iliyo mkononi ndiyo iuayo nyoka. Hoja hiyo haina nguvu hapa. Hatari ya mfuko inatokana na mali zilizomo ndani yake, yaani hisa na hatifungani, na hatari hiyo haipungui kwa sababu malipo yamepangwa kila robo mwaka.

Tatizo kubwa zaidi ni la msamiati. Nchini Marekani, hisa za ukuaji na hisa za gawio ni makundi mawili halisi. Berkshire Hathaway ililipa gawio mara moja tu chini ya uongozi wa Warren Buffett, mwaka 1967. Microsoft, iliyoingia sokoni mwaka 1986, haikulipa gawio hadi mwaka 2003. Anayechagua kati ya makundi hayo anachagua kampuni za aina tofauti. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, mgawanyo huo haupo kwa maana hiyo. Kampuni kubwa zilizoorodheshwa, za benki, bia, sigara na saruji, ni walipaji wa gawio. Benki ya CRDB iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150. Kwa mwaka wa fedha 2023 ililipa gawio la shilingi 50 kwa hisa, theluthi ya bei ile ya kwanza. Kwa hiyo Mfuko wa Umoja wa taasisi ya uwekezaji wa pamoja ya UTT, ulioanzishwa mwaka 2005 na usiogawa mapato, haukuzwi na kampuni zinazokataa kulipa gawio. Unakuzwa, pamoja na mengine, na magawio unayopokea na kuyarudisha kazini. Kinachoutofautisha na Mfuko wa Jikimu wa mwaka 2008, wenye mipango ya kugawa mapato, ni hasa swali moja: nani anaamua lini mapato yatoke, mwekezaji au ratiba?

Swali hilo lina jibu la hesabu. Chukulia shilingi 1,000,000, faida ya asilimia 12 kwa mwaka, na mfumuko wa bei wa asilimia 5. Faida hiyo si ya kufikirika tu: hatifungani ya serikali ya miaka 25 ilitolewa mwaka 2021 kwa riba ya asilimia 15.95. Asilimia 5 nayo ni ya wastani kwa nchi ambayo mfumuko wake ulikaribia asilimia 20 mwishoni mwa mwaka 2011.

Mwekezaji wa kwanza anapokea gawio lote, shilingi 120,000 kila mwaka. Baada ya miaka 20 taarifa yake bado inasoma 1,000,000, naye anaambiwa mtaji haukuguswa. Umeguswa. Kwa bei za siku alipoanza, milioni hiyo ina uwezo wa kununua vitu vya takriban shilingi 377,000, na gawio lake la mwisho lina thamani ya shilingi 45,000 hivi. Mfumuko wa bei umeukata mti huku yeye akila embe.

Wa pili yumo katika mfuko wa ukuaji. Mwisho wa mwaka wa kwanza anauza vipande vya shilingi 70,000 tu, na kila mwaka anaongeza mauzo kwa asilimia 5. Mwanzoni anaishi kwa unyonge kuliko mwenzake, na jambo hilo lisifichwe. Lakini katika mwaka wa 13 anachotoa kinampita mwenzake: zaidi ya shilingi 125,000 dhidi ya 120,000 zilezile. Mwaka wa 20 anatoa takriban 177,000 na amebakiwa na shilingi milioni 2.65, ambazo ni milioni moja ya mwanzo kwa uwezo wa kununua. Wa tatu, ambaye bado yuko kazini na hatoi chochote, ana shilingi milioni 9.6.

Mtu atasema wa kwanza angeweza kuwekeza upya sehemu ya gawio lake. Ni kweli, na mfuko unaotoa gawio ukiwa na mpango wa kulirudisha hugeuka mfuko wa ukuaji. Basi ushauri wa kula gawio lote umekufa hapo hapo.

Zipo pingamizi mbili nzito zaidi. Ya kwanza ni ya Michael Jensen, aliyeandika mwaka 1986 kwamba wakurugenzi wanaobaki na fedha nyingi huzitapanya, hivyo gawio ni lijamu. Nakubali, kwa kampuni. Robert Arnott na Clifford Asness walionyesha mwaka 2003 kwamba katika historia ya Marekani, vipindi ambavyo kampuni ziligawa sehemu kubwa ya faida vilifuatiwa na ukuaji mkubwa zaidi wa mapato, si mdogo. Hata hivyo mfuko wa pamoja haujengi kiwanda wala haununui ndege. Unapokea gawio la kampuni na kununua dhamana nyingine. Tudai gawio kutoka kwa kampuni, na tuliache likue ndani ya mfuko.

Pingamizi ya pili inanigusa zaidi. Hersh Shefrin na Meir Statman waliandika mwaka 1984 kwamba watu hupenda gawio kwa sababu linawawekea mpaka: tumia kinacholetwa, usiuze. Anayejua jinsi kiinua mgongo kinavyoitwa na ada za wajukuu, misiba na harusi hawezi kuudharau mpaka huo. Kwa mstaafu asiye na kipato kingine, sehemu ya fedha katika mpango wa gawio ni busara, na hesabu yangu hailipindui hilo. Inapindua ushauri uleule unapopewa mwalimu wa miaka 35.

Kuhusu gharama za kuuza, hofu ni ya haki kwa mwenye hisa moja moja: soko letu ni jembamba, na mnunuzi anaweza asipatikane kwa siku kadhaa. Mwenye vipande hamtafuti mnunuzi. Msimamizi wa mfuko hununua vipande kwa thamani halisi, akikata ada ya kujitoa pale ilipowekwa. Sharti la Miller na Modigliani, linalovunjika sokoni, linakaribia kutimia ndani ya mfuko. Hasara iliyobaki ni ya kulazimika kuuza mwaka mbaya, kama pale hisa ya CRDB iliposhuka chini ya ile bei ya shilingi 150. Ndiyo maana pesa ya matumizi ya mwaka mmoja au miwili isikae kwenye hisa.

Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana inaweza kumaliza sehemu kubwa ya mkanganyiko huu kwa agizo moja: kila mfuko unaotangaza gawio uchapishe, katika ukurasa huohuo, thamani ya mtaji wa mwekezaji baada ya kuondoa mfumuko wa bei tangu siku aliyonunua.